Tarumbeta la Mjerumani

Kwetu kila chombo cha shaba kinachopulizwa huitwa tarumbeta. Kinachopita mitaa ya Dar es Salaam siku ya Jumamosi juu ya kirikuu, mbele ya gari la maharusi, ni tarumbeta. Kinachoongoza wimbo wa Pasaka katika usharika wa Kilutheri kule Moshi ni tarumbeta. Bendi ya Polisi ikipita kwenye gwaride, tuba lake kubwa na koneti yake ndogo yote ni matarumbeta. Jina hilo moja limetutosha kwa zaidi ya miaka 100, kwa kuwa mpigaji alikuwepo, na mpigaji alikijua chombo chake kwa vidole na kwa pumzi. Taabu huanza anapofariki. Chombo hubaki kwenye kenchi au nyuma ya magunia, wajukuu wakikitazama wasijue kilikuwa kinafanya kazi gani, na siku moja mnunuzi wa vyuma chakavu hupita na mzani wake.

Tarumbeta lililonifanya niwaze haya liko Mtinko, kaskazini mwa mji wa Singida, ukishaipita Ilongero. Ni nchi ya Wanyaturu, nchi ya alizeti na mtama, yenye majabali makubwa na upepo usiochoka. Mzee anayelitunza alilirithi kwa baba yake, aliyekuwa akilipiga kanisani. Halifanani na tarumbeta lolote ambalo vijana wa leo wamewahi kuliona. Mwili wake umepindwa umbo la yai, mdomo wake mpana unaelekea juu na pembeni, na mahali ambapo trampeti ya kawaida ina pistoni tatu za kusukuma kwenda chini, hili lina vibonyezo vitatu vilivyolala ubavuni.

"Babu, hili linaitwaje?" nilimuuliza.

"Hili ni la Mjerumani, mwanangu," akajibu. "Baba alituambia hivyo, nasi tumewaambia watoto wetu."

Jibu la mzee ni ushahidi, na ushahidi wa mzee haupuuzwi. Lakini shaba nayo ina ushahidi wake, na mwenye nia ya kulitambua tarumbeta la zamani hana budi kuzisikiliza pande zote mbili. Watu wengi hukimbilia kutafuta maandishi, wakidhani jina lililochongwa mdomoni litamaliza neno. Maandishi yaachwe mwisho. Mji wa Markneukirchen, huko Saksonia nchini Ujerumani, pamoja na mji jirani wa Graslitz, ambao leo unaitwa Kraslice na uko Jamhuri ya Cheki, ilitengeneza vyombo vingi mno vya shaba vilivyotoka karakana bila jina la fundi. Mfanyabiashara wa London au Chicago alivinunua, akachonga jina la duka lake, akaviuza kama vyake. Jina lililo juu ya shaba linaweza kuwa la muuzaji asiyewahi kushika nyundo. Umbo la chombo halina hila hiyo.

Kinachotazamwa kwanza ni upana wa mrija. Ukiwa na kipenyo kilekile sehemu kubwa ya safari yake, ukapanuka tu karibu na mwisho, sauti yake huwa kali na yenye kung'aa. Hiyo ndiyo jamaa ya trampeti na tromboni. Ukipanuka polepole tangu karibu na mwanzo, sauti huwa nene na laini. Hiyo ni jamaa ya flugelihoni, tenohoni, baritoni, yufoniamu na tuba. Tarumbeta la Mtinko ni la jamaa ya pili. Mrija wake unaanza mwembamba kama kidole, unazunguka lile umbo la yai, nao hauachi kukua mpaka unapofunguka kuwa mdomo.

Kisha hupimwa urefu, maana urefu wa mrija ndio unaoamua sauti ya msingi. Huhitaji kifaa cha maabara. Chukua uzi mrefu, uufuatishe na mrija tangu unapoingia mdomo wa kupulizia hadi ukingo wa mdomo mpana, ukiruka mirija midogo ya valvu. Chombo cha B-flati cha sauti ya juu, kama trampeti, kitakupa karibu mita 1.4. Alto ya E-flati itakupa karibu mita 2. Chombo cha B-flati cha sauti ya kati kitakupa karibu mita 2.7, na tuba kubwa ya B-flati itazidi mita 5. Uzi wa Mtinko ulisoma karibu na mita 2.7. Hapo chombo kilikuwa kimekwisha kujieleza kwa nusu: ni B-flati ya sauti ya kati, chenye mrija unaopanuka, na kazi yake ni kuimba pale anapoimba mwanaume wa sauti ya tena.

Baada ya urefu huja valvu, na hapa ndipo nchi na karne zinapojitokeza. Kabla ya valvu, pembe ya shaba iliweza kutoa sauti chache tu za asili, zile ambazo bugle ya jeshi inazo hadi leo. Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata hati ya ubunifu wa valvu huko Prussia mwaka 1818. Mwaka 1835 Joseph Riedl wa Vienna akapata hati ya valvu ya kuzunguka, na mwaka 1839 François Périnet wa Paris akaboresha valvu ya pistoni mpaka ikafikia umbo tunalolijua leo. Tangu hapo Ulaya ikagawanyika. Ufaransa na Uingereza zilishika pistoni. Ujerumani, Austria na Bohemia zikashika valvu ya kuzunguka. Kazi ni ileile pande zote mbili: valvu ya pili hushusha sauti kwa nusu toni, ya kwanza kwa toni nzima, ya tatu kwa toni moja na nusu, na kwa kuziunganisha mpigaji anapata ngazi yote ya sauti. Aina ya valvu ndiyo inayosema chombo kilizaliwa katika desturi ipi.

Vibonyezo vitatu vya Mtinko vinazungusha valvu, wala havisukumi pistoni. Springi zake zimefichwa ndani ya vijikebe vidogo vya duara, zimeviringwa kama springi ya saa, mtindo wa mafundi wa Kijerumani na wa Bohemia wa zamani. Ukingo wa mdomo mpana umezungushiwa utepe mweupe wa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao watu huudhani fedha ingawa hauna fedha ndani yake. Nao pia ni pambo la mikono hiyohiyo. Ukiziweka dalili zote pamoja, jina linajitokeza lenyewe: hili ni tenohoni la umbo la yai, chombo cha kawaida kabisa katika bendi za vijiji vya Ujerumani na katika vikundi vya matarumbeta vya makanisa yao.

Mzee basi alisema kweli. Mjerumani alilitengeneza. Lakini je, Mjerumani ndiye aliyelileta?

Hapo ndipo maandishi yanapopewa nafasi yake. Karibu na shingo ya mdomo mpana, chini ya uchafu wa miaka mingi, kuna neno moja lililogongwa kwa herufi kubwa: GERMANY. Halikuandikwa Deutschland. Fundi wa Saksonia anayemtengenezea bwana wa kanisa wa Leipzig au askari wa Berlin hana sababu ya kuitaja nchi yake kwa Kiingereza. Sababu ilikuwepo kwa chombo kinachokwenda kuuzwa mahali Kiingereza kinaposomwa. Sheria ya Uingereza ya alama za bidhaa ya mwaka 1887 iliwabana wauzaji wa bidhaa za kigeni waonyeshe zilikotoka, na sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai waziwazi kwamba jina la nchi liandikwe kwa Kiingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili Ujerumani iligawanyika, na alama za bidhaa zake zikaanza kutaja upande wa magharibi au wa mashariki. Neno hilo moja linaliweka tarumbeta letu kati ya miaka ya 1890 na vita hiyo, na linatwambia kwamba lilielekezwa kwa mnunuzi wa Kiingereza.

Sasa historia ya Singida yenyewe inaingia. Wamisionari wa Leipzig, waliochukua kazi ya Kilimanjaro mwaka 1893, walifika hadi Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ikawaondoa. Tanganyika ikawa chini ya Uingereza, na katikati ya miaka ya 1920 kazi ya Iramba na Unyaturu ikashikwa na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, watu wenye asili ya Uswidi, ambao chuo chao kikuu kilikuwa Rock Island katika jimbo la Illinois. Kutokana na kazi hiyo ndipo ilipokua ile ambayo leo ni Dayosisi ya Kati ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), yenye makao yake Singida. Jimbo hilohilo la Illinois ndilo lenye Chicago, mji ambao maduka yake makubwa ya muziki, kama Lyon & Healy, yaliagiza vyombo vya shaba kwa wingi kutoka Saksonia na Bohemia na kuviuza hadi mashambani mwa Marekani.

Ipo njia ya pili ya kufikiriwa, ya jeshi. Vijana wengi wa Tanganyika walipita King's African Rifles, na bendi za jeshi la Mwingereza zilipuliza vyombo vya pistoni vya Boosey, vya Hawkes na vya Besson. Kampuni mbili za kwanza ziliungana mwaka 1930, kwa hiyo chombo chenye majina Boosey & Hawkes pamoja hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo. Mali ya serikali ya Uingereza mara nyingi iligongwa alama ya mshale mpana. Tarumbeta la Mtinko halina pistoni wala mshale. Njia ya jeshi inafungwa, na ya kanisa inabaki wazi. Kwa ushahidi uliopo, hukumu yangu ni hii: tenohoni hili lilitengenezwa Ujerumani, likauzwa kwa wanaosoma Kiingereza, na kwa uwezekano mkubwa likafika Unyaturu wakati Mjerumani alikwisha kuondoka.

Sisemi hivyo ili kumnyang'anya mzee hadithi ya baba yake. Hadithi hiyo ilihifadhi jambo ambalo bila yenyewe lingepotea, yaani nchi ya fundi. Kumbukumbu ya watu hushika jina kuu na kuyaacha mengine yajikusanye chini yake. Katika sehemu nyingi za Tanzania kila jengo la mawe ni la Mjerumani, kila mwembe mkubwa uliopandwa mstarini ni wa Mjerumani, na kila kitu kigumu kisichovunjika ni cha Mjerumani. Tunapowapa Wajerumani kila kilicho cha zamani, tunazifuta zama zilizofuata, na zaidi ya yote tunawafuta watu wetu wenyewe waliovitumia vitu hivyo. Na hili ndilo linaloniuma.

Maana utambuzi wa chombo haukomei kiwandani. Afrika Mashariki haikuipokea shaba ya Ulaya kwa mikono iliyolegea. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa mwambao wa Kenya, Lamu na Mombasa, walianzisha beni, ngoma iliyochukua sare, vyeo na mwendo wa bendi ya kijeshi, ikavifanya vyote kuwa mashindano ya mitaa. Ilipoingia Tanganyika ikagawanyika vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari, wapagazi na mateka waliibeba hadi bara. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, akionyesha kwamba wachezaji wake walikuwa wanajenga jamii zao, wakisaidiana katika misiba na sherehe. Waliokosa shaba hawakukaa kimya. Wachezaji wa mganda kusini mwa Tanzania, na wa malipenga ng'ambo ya Ziwa Nyasa, walitengeneza tarumbeta zao kwa vibuyu, na bendi ikasimama. Zanzibar nako, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi ya wanamuziki wa Kigoa, na mitaa ikaijibu kwa bendi zake yenyewe, ambazo hadi leo zinaitwa beni.

Kwa sababu hiyo tenohoni la Mtinko lina safu ya tatu ya ushahidi, nayo ni ya Kinyaturu. Kibonyezo cha kwanza na cha pili vimelika kuliko cha tatu, kwa kuwa vidole vya mtu mmoja vilivirudia Jumapili kwa Jumapili. Mahali mkono ulipolikumbatia, shaba imekuwa laini na rangi yake imebadilika. Kwenye pindo la chini kuna kiraka cha bati kilichoshikizwa kwa risasi, kazi ya fundi wa kijijini aliyefanya kwa alichonacho, na ameziba vizuri, hewa haivuji. Mdomo wa kupulizia uliopo sasa ni wa trampeti, mdogo mno kwa chombo hiki, umezungushiwa nailoni ili ukae. Asiyejua atasema ni uharibifu. Mimi naona mtu aliyekataa kuacha kuimba baada ya mdomo wa asili kupotea. Hakuna mtaalamu wa Markneukirchen atakayekuta habari hizo katika daftari lake. Ziko Mtinko peke yake.

Mzee aliniambia kwamba baba yake alipiga sauti ya tena, na kwamba waliokuwa wakipiga pamoja waligawana sauti kama kwaya: soprano, alto, tena na besi. Maneno hayo yanakubaliana na uzi na valvu. Katika vikundi vya matarumbeta vya Kilutheri, tangu Ujerumani ya karne ya 19, vyombo vinagawanywa hivyo hivyo, kwa kuwa kazi yao ni kubeba nyimbo za ibada zilizoandikwa kwa sauti nne. Johannes Kuhlo wa Bethel, aliyeishi kuanzia 1856 hadi 1941 na aliyekuwa kiongozi mkubwa wa vikundi hivyo, aliwataka wapigaji wake wasome nota zilezile za mpiga kinanda, ili tarumbeta, kinanda na waimbaji wasome kitabu kimoja. Basi anaposema "baba alikuwa tena", mzee huyu anatupa nafasi kamili ya chombo katika ibada, jambo ambalo shaba peke yake ingelidokeza tu.

Hapa ndipo ilipo hatari. Shaba ya manjano ina bei kwa kilo, na mnunuzi wa vyuma chakavu hana sababu ya kuuliza tena wala besi. Adui wa pili ni upendo wenyewe. Mjukuu anayetaka kumfurahisha babu hulichukua tarumbeta akalisugua kwa majivu, kwa ndimu na mchanga, au kwa dawa ya kung'arishia shaba, na akimaliza linang'aa, lakini herufi zilizokuwa zimebaki kwa unene wa ukucha zimekwenda na maji. Mwingine hukuta valvu imeganda akaigonga kwa nyundo. Valvu ya kuzunguka imechongwa kwa nafasi ndogo sana kati ya chuma na chuma. Ikigongwa, hupinda, na ikipinda hairudi. Tone la mafuta mepesi, subira ya siku kadhaa na vidole vitupu vitafanya mengi zaidi. Madoa ya rangi ya waridi yenye vishimo katikati nayo yasifichwe kwa rangi: ni dalili kwamba zinki imetoka katika shaba na ukuta wa mrija umedhoofika. Ukavu wa Singida ni rafiki wa shaba, kwani unyevu ndio unaoharakisha maradhi hayo.

Kwa hiyo namwomba kila mwenye tarumbeta la zamani nyumbani, awe Mtinko, Ndago, Bukoba, Lushoto au Lamu, afanye mambo machache kabla hajaliuza, hajalisafisha wala hajalitoa zawadi. Lipige picha pande zote, na kila herufi na kila alama iliyogongwa ipigwe picha yake kwa mwanga wa pembeni, maana mwanga wa pembeni huonyesha yaliyofifia. Pima urefu kwa uzi. Hesabu valvu, uandike kama zinasukumwa au zinazunguka. Kisha kaa na wazee, uandike nani alilipiga, alipiga sauti gani, alifundishwa na nani, nani alilitengeneza lilipovunjika, na liliimba katika harusi na mazishi ya nani. Daftari hilo likae pamoja na chombo, na nakala yake ipelekwe usharika, parokia au shule iliyo karibu, mahali ambapo karatasi hutunzwa.

Jina la kiwanda litaweza kutafutwa hata miaka 50 ijayo, kwa kuwa makumbusho ya Markneukirchen yapo tangu mwaka 1883 na yataendelea kuwepo. Jina la aliyepiga tena Mtinko linajulikana leo na wazee wachache, na wao ndio wa kuulizwa kwanza.